Kuta Mbili Zisizogusana: Uchambuzi wa Kisa cha Jengo la Nyongeza kwenye Nyumba ya Jadi ya Mashambani

Kwa nini kisa hiki

Mazungumzo kuhusu kuongeza jengo la kisasa kwenye nyumba ya kale ya mashambani huanzia kwenye sura, na mara nyingi huishia hapo hapo: je, jengo jipya lifanane na la zamani, au lijitofautishe nalo? Katika mradi ninaoueleza hapa, swali hilo lilikula zaidi ya nusu ya vikao vyote, na mwishowe silo lililoamua kama nyumba ingekalika. Yaliyoamua ni mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye picha yoyote ya nyumba hiyo: maji ya mvua yanaelekea wapi, na ukuta mpya unakutana vipi na ukuta wa zamani. Nilikuwa msanifu wa mradi huu tangu ziara ya kwanza hadi mwaka wa tatu baada ya familia kuhamia, na makosa mawili nitakayoyaeleza yalipitia mikononi mwangu. Mahali, majina na tarehe nimeviondoa. Vipimo nimeviacha, kwa sababu bila vipimo kisa cha namna hii hubaki hadithi tu.

Nyumba ilivyokuwa

Nyumba ilikuwa ya mawe yasiyochongwa, yaliyoungwa kwa chokaa na mchanga, yenye urefu wa mita 10.4 na upana wa mita 5.2 kwa vipimo vya nje. Kuta zilikuwa na unene wa sentimita 60, paa lilikuwa la vigae vya udongo lenye mwinamo wa nyuzi 45, na ndani mlikuwa na vyumba viwili na dari ya kuhifadhia vitu. Upana huo mdogo haukuchaguliwa kwa kupenda. Waliojenga walikata boriti kutoka kwenye miti waliyokuwa nayo, na boriti ya mti wa kawaida haiwezi kuvuka nafasi kubwa kuliko ile bila kulegea katikati. Umbo jembamba na refu tunaloliona leo kuwa zuri lilitokana na urefu wa mti.

Nyumba ilikaa kwenye mteremko, mbele ikitazama bonde na nyuma ikitazama kilima. Kwa vizazi kadhaa udongo ulikuwa umeporomoka kidogo kidogo kutoka kilimani na kulundikana nyuma ya nyumba, hadi ardhi ya nje upande huo ikawa juu ya sakafu ya ndani kwa sentimita 31. Ukingo wa paa upande wa nyuma ulikuwa mita 2.45 juu ya sakafu. Kwa hiyo mtu aliyesimama nje, juu ya udongo ule uliolundikana, aliweza kuugusa ukingo huo kwa mkono bila kujinyoosha.

Nyumba ilijengwa wakati waashi wa mashambani walikuwa hawaijui saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin wa Uingereza aliipatia hataza mwaka 1824. Saruji ilikuja baadaye: mmiliki mmoja wa zamani, bila shaka kwa nia njema, alikuwa amezipaka kuta zote za nje plasta ya saruji yenye unene wa sentimita 2 ili kuzuia mvua.

Familia ilitaka nini

Wenye nyumba, mume na mke wenye watoto wawili, walitaka jiko la kutosha familia nzima, bafu linalofaa, na chumba cha kulala cha mama yake mume, ambaye anatumia kiti cha magurudumu. Sharti hilo la mwisho ndilo lililoongoza kila kitu kilichofuata. Lilimaanisha kwamba sakafu mpya iwe sawa na ya zamani, bila hata ngazi moja, katika eneo ambalo ardhi inapanda kwa kasi. Na kwamba mahali pa kupita kati ya majengo mawili pawe na upana wa kutosha magurudumu, katika nyumba ambayo dirisha lake kubwa kuliko yote upande wa nyuma lilikuwa na upana wa sentimita 82.

Uchunguzi kabla ya mchoro

Tuliipima nyumba nzima na kuichora kwa skeli ya 1:50, kisha tukafanya mambo matatu ambayo mteja aliyaona kama kupoteza muda.

La kwanza lilikuwa kuchimba shimo dogo chini ya ukuta wa nyuma. Hakukuwa na msingi kwa maana tunayoijua leo. Kulikuwa na safu mbili za mawe makubwa zilizolazwa moja kwa moja juu ya udongo mgumu, na kina chake kiliishia sentimita 35 chini ya usawa wa sakafu. Ukuta wa namna hiyo umesimama salama kwa sababu udongo ulio chini yake umekandamizwa kwa miaka mingi na haujaguswa; ukiugusa, unaanza kutafuta kikao kipya.

La pili lilikuwa kupima unyevu. Vifaa vya mkononi vinavyotumia umeme vimetengenezwa kwa ajili ya mbao, na kwenye mawe yenye chumvi hutoa namba kubwa hata pale ambapo maji ni kidogo. Kwa hiyo tulitoboa ukuta kwa urefu mbalimbali, tukakusanya unga uliotoka, tukaupima uzito, tukaukausha kwenye tanuri na kuupima tena. Karibu na sakafu maji yalikuwa asilimia 11 ya uzito, mita 1.2 juu yake yalikuwa asilimia 4.

La tatu nililifanya na mwashi mzee tuliyemwita kutoa ushauri. Alibandua kipande cha plasta ya saruji chenye ukubwa wa sahani, akachukua msumari na kukwaruza kiungio cha mawe kilichokuwa nyuma yake. Chokaa ilitoka kama jibini mbichi, ikabaki imeganda kwenye ncha ya msumari. Akasogea hatua mbili hadi chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo plasta haikufika, akakwaruza tena. Hapo msumari ulitoa unga mkavu na sauti ya kukwaruza. Ukuta ni ule ule, chokaa ni ile ile. Tofauti ilikuwa kwamba upande mmoja ulikuwa unapumua na mwingine umefunikwa na ngozi isiyopitisha unyevu. Plasta ya saruji ilikuwa na nyufa nyembamba kama unywele. Maji yaliingia kupitia nyufa hizo, na kwa kuwa hayakuweza kutoka kupitia plasta yenyewe, yalibaki ndani ya ukuta au yakatafuta njia ya kutokea upande wa chumbani.

Mapendekezo yaliyokataliwa

Nilichora mapendekezo manne. Matatu yalikataliwa, na sababu za kukataliwa kwake zina mafunzo kuliko sababu za kukubaliwa kwa la nne.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kurefusha nyumba kuelekea upande wenye ukuta usio na dohani, kwa mawe na vigae vile vile. Ofisa wa mipango alilipenda. Mimi sikulipenda kwa sababu lingeongeza urefu wa sura ya mbele karibu maradufu, na nyumba ndogo ya mashambani ikirefushwa hivyo hupoteza kile kile kinachoifanya iitwe ndogo. Mteja naye alilikataa kwa sababu iliyo rahisi zaidi: mama angelala mbali na choo.

La pili lilikuwa kibanda cha kuegemea nyuma, ambacho paa lake lingeendelea kutoka kwenye ukingo wa paa la zamani. Hapa hesabu ilikataa yenyewe. Ukingo uko mita 2.45 juu ya sakafu. Paa likiendelea kushuka hata kwa mwinamo mdogo, baada ya mita tatu mtu mzima anagonga kichwa. Njia pekee ya kukwepa hilo ni kukata paa la zamani na kuinua jipya juu yake, jambo ambalo nimeliona likifanywa mara nyingi na sijawahi kuliona likifanywa vizuri. Kibanda hicho pia kingeuziba ukuta wa nyuma, ambao ndio ulikuwa umelowa kuliko kuta zote, katikati ya vyumba viwili vyenye joto, bila hewa wala nafasi ya kukauka.

La tatu lilikuwa sanduku la kioo lililobandikwa nyuma. Wasanifu wengi wa rika langu hulikimbilia, na hutumia Mkataba wa Venisi wa mwaka 1964, unaohusu uhifadhi na ukarabati wa majengo ya kale, kama kibali. Ni kweli kwamba Ibara ya 9 ya mkataba huo inataka kazi yoyote ya ziada isiyoepukika katika ukarabati itofautike na usanifu wa asili na ibebe alama ya zama zake. Lakini wanaoinukuu ibara hiyo mara nyingi huishia hapo na hawafiki Ibara ya 13, ambayo hairuhusu nyongeza isipokuwa pale ambapo hazipunguzi thamani ya sehemu muhimu za jengo, mazingira yake ya jadi, ulinganifu wa umbo lake na uhusiano wake na vinavyolizunguka. Mkataba wenyewe uliandikwa kwa ajili ya majengo ya kumbukumbu, nao Baraza la Kimataifa la Majengo na Maeneo ya Kihistoria, yaani ICOMOS, liliupokea mwaka 1965. Nyumba yetu haikuwa kwenye orodha yoyote ya majengo ya namna hiyo. Hata hivyo niliuweka mezani katika kikao na ofisa wa mipango, na ibara zote mbili zikasomwa kwa sauti. Ya kwanza ilimwondoa yeye kwenye wazo la kuiga mawe, ya pili iliniondoa mimi kwenye kioo.

Uamuzi: kujitenga kwa mita 2.4

Pendekezo la nne liliweka jengo jipya nyuma ya la zamani, sambamba nalo, likiwa limejitenga nalo kwa ua wenye upana wa mita 2.4, na kuunganishwa nalo kwa kijia kifupi chenye kuta za kioo na paa zito la kawaida. Jengo jipya lilipewa upana wa mita 5.4, karibu sawa na wa zamani, ingawa boriti za leo zingeruhusu mara mbili ya hapo. Mwinamo wa paa ulibaki nyuzi 45. Kuta zilikuwa za fremu ya mbao zilizojazwa nyuzi za mbao ili kuhifadhi joto, na nje zikavikwa mbao ambazo hazikupakwa rangi. Hapakuwa na jiwe hata moja la kuiga.

Ua ulifanya kazi nne kwa wakati mmoja. Uliuacha ukuta wa zamani wazi ili ukauke. Uliingiza mwanga kwenye vyumba vya nyuma vya nyumba ya zamani, ambavyo havikuwahi kuwa na mwanga wa maana. Ulitupa mahali pa kushusha ardhi chini ya usawa wa sakafu bila kujenga ukuta wa kuzuia udongo karibu na mawe ya kale. Kazi ya nne ilikuwa ya msingi. Jengo jipya, kwa kuwa sakafu yake ilipaswa kuwa sawa na ya zamani huku ardhi ikipanda, lilihitaji kuchimbwa ndani ya kilima, na msingi wake ulishuka sentimita 75 chini ya sakafu, yaani sentimita 40 chini zaidi ya mahali ukuta wa kale unapoishia. Mhandisi wa miundo alichora mstari wa nyuzi 45 kuanzia chini ya ukuta wa zamani kwenda chini na nje, akaonyesha kwamba uchimbaji wowote ulio nje ya mstari huo hauuondolei ukuta udongo unaoubeba. Kwa umbali wa mita 2.4 tulikuwa salama kabisa. Kama tungejenga ukuta kwa ukuta, ingebidi kuongeza msingi chini ya mawe ya kale kwa vipande vya mita moja moja, kila kipande kikisubiri kingine kikauke. Hiyo ni kazi ya gharama na ya hatari, na faida yake ni nafasi ya ndani ambayo familia haikuihitaji.

Kijia nacho hakikuegemea ukuta wa zamani. Sakafu yake ilibebwa na jengo jipya upande mmoja, na upande mwingine na vikalio viwili vidogo vya zege vilivyowekwa sentimita 80 kutoka ukutani, kisha boriti za chuma zikachomoza hadi karibu na mawe na kuacha nafasi ya milimita 25. Nafasi hiyo ilijazwa ukanda laini unaobinyika. Jengo jipya lazima litatitia kidogo katika miaka ya mwanzo; la zamani lilishamaliza kutitia kabla hatujazaliwa. Yakifungwa pamoja, moja litalivuta jingine, na ufa utatokea mahali palipo dhaifu zaidi, ambapo kwa kawaida ni juu ya dirisha la kale.

Kimo cha kijia kilitafutwa kwa sentimita. Chini ya ukingo wa paa wenye mita 2.45 tuliweka ndani kimo cha mita 2.10, unene wa paa sentimita 15, sentimita 15 za ukuta wa mawe juu ya paa hilo ili maji yasiruke na kuingia, na zikabaki sentimita 5.

Mlango ambao hauko ndani ya ukuta

Dirisha la sentimita 82 ndilo lililokuwa njia ya pekee ya kupita bila kupanua ukuta. Juu yake kulikuwa na jiwe moja refu, na juu ya jiwe hilo mzigo wa ukuta na paa. Kupanua tundu kungehitaji kuliondoa jiwe hilo, kuushikilia ukuta kwa nguzo za muda, na kuweka boriti mpya. Kwa upande mwingine, ukiweka fremu ya mlango ndani ya tundu la sentimita 82, pamoja na bawaba na unene wa mlango wenyewe, njia halisi hubaki sentimita 72, ambayo haitoshi kiti cha magurudumu kupita bila mtumiaji kuumiza mikono.

Seremala ndiye aliyetoa jibu, siku moja akiwa amekaa juu ya kizingiti cha dirisha hilo akisubiri mvua ikatike. Mlango, alisema, si lazima uwe ndani ya ukuta. Tuliutundika kwenye reli upande wa kijia, ukiteleza pembeni mbele ya mawe, na tundu lenyewe likabaki tupu, bila fremu, na sentimita zake zote 82. Kilichoondolewa ni mawe yaliyokuwa chini ya dirisha tu, hadi usawa wa sakafu, ambayo hayakubeba chochote isipokuwa dirisha. Yaliandikwa namba kwa chokaa na kutumika kutandaza sehemu ya chini ya tundu hilo hilo. Anayepita leo anapita katikati ya unene wa sentimita 60 za mawe, na anauona unene huo pande zote mbili.

Ujenzi

Plasta ya saruji ilibanduliwa kwa patasi na nyundo ndogo, bila mashine, mwaka mmoja kabla ya uchimbaji kuanza. Familia haikufurahi kusubiri. Waashi wana kanuni ya kukadiria kwamba kila sentimita 2.5 za unene wa ukuta uliolowa huhitaji takriban mwezi mmoja kukauka. Kwa ukuta wa sentimita 60 unaokauka kutoka pande zote mbili, kila upande una sentimita 30, nao huo ni mwaka. Baada ya muda huo unga wa ukutani ulionyesha asilimia 5 karibu na sakafu, na ndipo viungio vilijazwa upya kwa chokaa.

Sakafu ya mawe ya nyumba ya zamani hatukuigusa. Mkandarasi alipendekeza kuing'oa na kumwaga zege lenye karatasi ya plastiki chini yake, nami nilikataa, kwa kuwa unyevu uliozoea kutoka taratibu kupitia sakafu nzima ungefungiwa njia na kusukumwa kuelekea kwenye kuta ambazo ndiyo kwanza zimekauka.

Sehemu kubwa ya ujenzi ilikwenda vizuri na haina la kusimulia.

Makosa mawili

La kwanza lilihusu ua. Mchoro wangu ulionyesha ukanda wa kokoto wenye upana wa sentimita 45 kando ya ukuta wote wa zamani, kisha sehemu iliyosakafiwa yenye mwinamo wa kuelekea kwenye mtaro wa bomba lenye matundu, uliochimbwa mbali na ukuta na usioshuka chini ya mawe ya msingi. Wiki ya mwisho ya kazi, mume alipiga simu. Mama alikuwa amekwama kwenye kokoto alipokuwa akijaribu kulifikia benchi lililokuwa kando ya ukuta, akaomba ukanda huo usakafiwe. Nilikuwa safarini. Nilifikiri juu ya magurudumu, sikufikiri juu ya ukuta, nikakubali. Zege lilimwagwa hadi kwenye mawe. Mvua zilizofuata, matone yaliyodunda kutoka kwenye zege yalilowesha sehemu ya chini ya ukuta kila siku, na maji yaliyopenya kwenye mpaka wa zege na mawe hayakuwa na njia ya kutoka. Ndani ya miezi minane chumvi nyeupe ilionekana kwenye plasta ya chokaa ya ndani, hadi sentimita 40 juu ya sakafu.

La pili lilionekana mwaka wa pili, pale paa la kijia linapokutana na ukuta wa mawe. Maji yalikuwa yakitiririka taratibu kwenye jiwe la juu ya mlango. Mahali hapo palikingwa na ukanda wa risasi, ile metali laini na nzito, ambao ukingo wake wa juu ulichomekwa kwenye kiungio cha mawe na ule wa chini ukaning'inia juu ya ukingo wa paa la kijia. Tulipopanda tulikuta ukanda umepasuka kwa ufa wa urefu wa kidole, na sababu zilikuwa mbili. Ukanda ulikuwa kipande kimoja chenye urefu wa mita 2.2. Risasi hutanuka kwa joto kwa takriban milimita 0.029 kwa kila mita na kila nyuzi moja ya Selsiasi; kwa tofauti ya nyuzi 50 kati ya jua kali na usiku wa baridi, ukanda huo ulikuwa ukirefuka na kufupika kwa zaidi ya milimita 3, tena na tena, na ndiyo maana mafundi wa risasi hawapendi kuzidisha mita 1.5 kwa kipande. Sababu ya pili iliniuma zaidi. Fundi, ili upepo usiuinue ukanda, alikuwa ameupigilia misumari sita kwenye paa la kijia. Jengo jipya lilikuwa limetitia milimita 6 katika mwaka wa kwanza, sawasawa na mhandisi alivyotarajia. Tulikuwa tumeyatenganisha majengo haya mawili kwenye msingi, kwenye sakafu, kwenye kuta na kwenye paa, kisha tukayafunga pamoja kwa misumari sita. Mchoro wangu ulionyesha umbo la ukanda kwa usahihi, ila haukusema popote kwamba upande wa chini usipigiliwe kitu.

Marekebisho

Zege lilikatwa kwa upana wa sentimita 45 kando ya ukuta wote na kurudishiwa kokoto, na mbele ya benchi tukalaza wavu mzito wa chuma juu ya kokoto, sawa na usawa wa sakafu ya ua, ili kiti cha magurudumu kipite. Suluhisho hilo lingewezekana siku ile ile ya simu kama ningeomba muda wa siku moja kufikiri. Ukanda wa risasi ulibadilishwa kwa vipande viwili vinavyopandana, vikashikiliwa juu tu kwa kabari za risasi na chokaa, na upande wa chini ukazuiwa upepo kwa vishikizo vinavyoruhusu kuteleza.

Uchambuzi

Uamuzi uliofanikiwa kuliko yote ni ua, na inafaa kusema wazi kwamba haukutokana na kipaji cha usanifu. Ulitokana na shimo lililochimbwa chini ya ukuta na unga uliokaushwa kwenye tanuri. Lau ningeanza na sura, ningefika kwenye sanduku la kioo, na ukuta wa nyuma ungeoza polepole katikati ya nyumba iliyopigwa picha nzuri. Kwamba ua ulizaa pia mwandamano mzuri wa nafasi, na kwamba mama sasa anakaa jikoni akiitazama nyumba yake ya siku zote kwa nyuma, upande ambao hakuna aliyewahi kuutazama, ni faida ambayo hatukuipanga.

Mjadala wa kufanana au kutofautiana ulimalizwa na vitu vidogo kuliko nilivyotarajia: upana wa jengo, mwinamo wa paa, na ukingo wake uliowekwa chini ya ule wa zamani. Vitu vitatu hivyo vikiwa sawa, vifaa vinaweza kuwa vya leo kabisa bila kugombana na mawe. Ofisa wa mipango, aliyetaka mawe ya kuiga, hakulalamika tena alipoona mchoro wa pande zote mbili ukiwa na mwinamo mmoja. Ninashuku kwamba alichokuwa akikitetea tangu mwanzo kilikuwa umbo, na neno alilokuwa nalo mkononi lilikuwa "mawe".

Kusubiri mwaka mzima ili ukuta ukauke kulikuwa sahihi kiufundi, lakini nilikusimamia vibaya. Familia iliambiwa muda, haikuambiwa sababu kwa namna inayoonekana. Ningekuwa nimewaonyesha msumari ule wenye chokaa mbichi siku ya kwanza, badala ya jedwali la asilimia, sidhani kama tungekuwa na vikao viwili vya malumbano kuhusu ratiba.

Makosa yote mawili yana asili moja. Kwenye michoro nilieleza umbo la kila kitu, sikueleza kazi yake. Fundi aliyeuona ukanda wa risasi aliona kitu cha kuzuia maji, akauimarisha kadiri alivyoweza. Mume aliyeziona kokoto aliona pambo lililomsumbua mama yake. Hakuna kati yao aliyekuwa na njia ya kujua kwamba kimoja kilihitaji kulegea na kingine kilihitaji kunywa maji. Tangu hapo, kando ya kila kiungio cha kale na kipya kwenye michoro yangu huandikwa sentensi moja inayosema kitu hicho kinafanya nini, na kitaharibika vipi kikibadilishwa. Michoro imekuwa na maandishi mengi, na mafundi wengine hulalamika. Wengi wao husoma.

Katika ziara ya mwisho, mwaka wa tatu, tulipima tena umbali kati ya skrubu mbili, moja iliyofungwa kwenye mawe na nyingine kwenye fremu ya kijia, ambazo ndizo tulizotumia kufuatilia kutitia tangu mwanzo. Milimita 6 zimebaki 6 kwa miezi kumi na minne. Mstari wa chumvi umeshuka kutoka sentimita 40 hadi 15. Plasta iliyoharibika imebanduliwa, na mawe ya sehemu hiyo yameachwa wazi. Mwashi amesema pasipakwe kitu hadi kipimo kijacho.